Kengele ya Marehemu

Mume wangu alifariki, huu ni mwaka wa tatu sasa, na mpaka leo ndiye anayeniamsha.

Sisemi habari za ndoto. Nasema kikohozi. Kabla hakujapambazuka, jogoo wa jirani akiwa bado anajinyoosha, nasikia kikohozi kikavu upande wa dirisha, pale alipozoea kuketi akivaa soksi. Anakohoa mara mbili, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Nikifumbua macho hakuna mtu. Kuna kiti, kuna pazia, kuna baridi ya alfajiri. Basi nami naamka, kwa kuwa ndiyo saa aliyonipangia kuamka, na sijui mtu ambaye hayupo anabishiwa vipi.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila mwaka shule ilimbebesha kazi ya kupanga ratiba, vipindi vyote na walimu wote, na wenzake walimwonea huruma bila kujua kwamba huo ndio uliokuwa mchezo wake, kama wengine wanavyopenda mpira. Alipanga na kupangua huku akitabasamu peke yake. Aliponioa, akakuta ameoa fundi wa magauni ya maharusi anayeshona akijisikia na kulala akichoka, akanionea huruma mimi. Alikuwa amesoma kitabuni kwamba mtu akiikata kazi yake vipande vidogo, akakitegea kila kipande kengele, akapumzika kidogo kisha akaendelea, na kazi ngumu akaiweka alfajiri kichwa kikiwa kipya, basi atawaacha wenzake mbali. Siku moja akarudi na kijisaa cha jikoni, kile cha kuzungusha kwa mkono, cheupe, cha mviringo kama yai.

"Nimekupangia," akasema.

Uso wake uling'aa kwa furaha ya mtu aliyebeba zawadi. Ningemkataliaje? Nilimpenda yule mwanamume. Naliweka wazi hilo mapema, msije mkadhani nimekaa hapa kumsengenya marehemu.

Shida ni kwamba shanga hazijui saa. Ukianza kutia shanga kifuani mwa gauni, uzi unataka mvuto mmoja toka mwanzo wa ua mpaka mwisho wake. Ukiuacha katikati kwa sababu kengele imelia na umekwenda kunywa maji, ukirudi mkono umeshabadilika, na ua linavimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Halafu hiyo alfajiri! Macho yangu alfajiri ni ya mtu aliyefufuliwa kwa lazima. Mikono yangu huamka baada ya chakula cha mchana, na ndivyo nilivyo tangu utoto. Kwa hiyo miaka yote ile nikawa nashona asubuhi na kufumua mchana nilichoshona asubuhi. Jioni, wakati ratiba inaniamuru nipumzike, ndipo nafanya kazi yenyewe kwa kuibaiba. Maharusi walivaa, wakapendeza, wakashukuru. Mume wangu akaamini kwamba ni kengele.

Alipofariki niliendelea kuitega. Nilidhani nikiacha nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Tulikuwa tukiishi wawili, mimi na mama mkwe wangu, katika nyumba ya vyumba vitatu, ukiacha chumba cha kushonea kilicho upande wa barabarani. Mama ni mwembamba, msafi, mchache wa maneno, na masikio yake yanasikia sindano ikianguka kwenye zulia. Tangu mazishi hakuwahi kunitolea neno baya. Ila nikichelewa kuitega kengele, alikuwa akisimama ukumbini, anaitazama rafu ya kijisaa, ananitazama mimi, kisha anaondoka zake. Kwa Mama hiyo ni hotuba ndefu.

Upande wa pili wa ukuta alikuwapo fundi makochi. Mtaa mzima ulimwita Sponji, kwa sababu ya kazi yake, na pia, wambeya walisema, kwa sababu ukimkandamiza anarudi vilevile. Alifanya kazi misumari midogo ikiwa mdomoni, hivyo nusu ya mazungumzo yake na dunia ilikuwa kuguna. Alikuwa rafiki wa marehemu. Walikunywa chai pamoja kwenye ngazi ya karakana yake, na siku ya msiba alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Baada ya hapo akaanza kunitengenezea vitu bila kuombwa, leo mguu wa meza, kesho kitasa. Mimi sikuliona jambo likianza. Nilijikuta tu nimeujua mlio wa nyundo yake, na siku ambayo nyundo haikulia niliunguza kitambaa cha watu kwa pasi.

Kisha mwenye jengo la karakana akalitaka jengo lake. Sponji akapata banda kubwa upande mwingine wa mji, lenye nyumba kwa nyuma. Siku aliyokuja kuniambia, aliitoa kwanza misumari yote mdomoni akaishika kiganjani, nikajua leo kuna jambo.

"Fundi, mimi nahama," akasema. "Sitaki kuhama peke yangu."

Nilimwomba anipe muda mpaka siku ya gari la kuhamisha mizigo. Siku ya gari ikafika.

Asubuhi hiyo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliamka kwa kikohozi kama kawaida, nikanawa, nikafika ukumbini, nikakishika kijisaa, nikakirudisha kwenye rafu bila kukitega. Nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia, na nilikuwa na jibu la kumpa mtu. Nilitaka asubuhi moja tu isiyokatwa vipande.

Mama alikuwa mezani na chai yake.

"Leo hujaitega," akasema.

"Leo nimechoka, Mama."

"Mwanangu hakujua kuchoka."

"Najua, Mama."

Akanywa kidogo, akakitua kikombe polepole kana kwamba meza ina usingizi. "Gari la huyo wa makochi linakuja leo?"

"Alasiri."

"Hmm. Ukuta utanyamaza."

Sikujua kama lile lilikuwa neno la furaha au la huzuni, na usoni mwake hakukuwa na pa kusoma. Nikaenda zangu kwenye cherehani nikiwa nimebeba moyo mzito kuliko gauni lenyewe.

Sponji alikuja kabla ya mchana. Nilimsikia akipangusa viatu mlangoni muda mrefu, viatu ambavyo havikuwa na tope.

"Hodi hapa."

"Karibu, jirani."

"Shikamoo, Mama," akasema akimwona mama mkwe wangu akipita ukumbini.

"Marahaba," Mama akajibu, akaingia ndani, akauacha mlango wazi kwa upana wa sikio.

Sponji akasimama karibu na dirisha. Alikuwa amevaa shati safi, lakini vidole vilikuwa na madoa ya gundi, madoa yale ya miaka ambayo sabuni ilishayakubali. Aliliangalia gauni lililokuwa mapajani mwangu, akaangalia nyuzi zilizotapakaa sakafuni.

"Umefumua leo?" akauliza.

"Nani kakwambia nafumua?"

"Ukuta." Akatabasamu. "Asubuhi cherehani yako inakwenda hatua mbili, inasimama. Hatua mbili, inasimama. Baada ya chakula inanyamaza kabisa, najua hapo umeshika wembe. Halafu jioni, we! Inakwenda kama gari lililopata lami. Nimeisikiliza miaka yote hiyo, Fundi. Hata kama mvua inanyesha najua umefika wapi."

Nilikuwa na siri moja tu duniani, nayo mtu alikuwa ameishika muda wote bila kunidai chochote.

"Hujawahi kusema."

"Ningesema nini? Marehemu alikuwa rafiki yangu. Alinieleza mtindo wake wa kengele pale kwenye ngazi, kwa mapenzi, mpaka chai ikapoa. Hata mimi nikaujaribu. Ulinishinda siku ileile."

"Kwa nini?"

"Gundi. Nikishapaka gundi, kengele ilie isilie, gundi haina habari. Ukiwahi, kitambaa kinateleza. Ukichelewa, umeharibu kazi ya mtu. Nikasema basi, saa yangu iwe gundi. Napaka, naigusa kwa kidole. Kama bado, nafagia, napima fremu nyingine, nakunywa chai. Ikiacha kunata kidoleni, narudi kazini. Sikuutupa mtindo wa rafiki yangu, Fundi. Niliupunguza kiuno tu, ukanikaa."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na ndani ya chumba kile kilisikika kigeni, kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Sponji hakucheka. Alinitazama tu. Yalikuwa macho ya mtu anayetazama chakula akiwa amefunga, lakini yenye adabu, na mimi nilishindwa kuyakwepa. Ningeweza kunyoosha mkono nikagusa yale madoa ya gundi.

"Na jibu langu?" akauliza taratibu.

"Ndiyo" yangu ilikuwa imeshafika kwenye meno. Naapa ilikuwa imeshafika. Lakini mwanamume akiwa na hofu hujaza maneno palipo na kimya, na Sponji alikuwa na hofu.

"Usiogope habari ya kazi," akasema haraka haraka. "Nimefikiria kila kitu. Chumba cha mbele ni chako, utashonea hapo. Utalala mpaka jua litoke. Asubuhi utapumzika, mchana unaanza shanga, jioni unafunga, tunakula mapema, unalala. Usihangaike na chochote. Nimekupangia."

Chumba kikapoa. Alikuwa amesimama dirishani, mwanga ukiwa nyuma yake, uso hauonekani vizuri, na kwa muda mfupi sikuona fundi makochi. Niliona mabega mengine. Hata namna alivyoinamisha kichwa, akingoja nifurahi, haikuwa yake.

"Umesema nini?"

"Nimekupangia. Kwa vile najua unavyo—"

"Toka."

"Fundi?"

"Toka, jirani! Mmoja alinipangia, akafa, na bado ananipangia. Siku moja, moja tu, nimejaribu kujipangia mwenyewe, na wewe umekuja na ya kwako. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuniuliza? Hata kwa bahati mbaya?"

"Nilitaka kukurahisishia."

"Na yeye alitaka kunirahisishia! Kila anayenipenda ananirahisishia mpaka nakosa pa kuvutia pumzi!"

Aliangalia viganja vyake kama vile ndivyo vilivyokosea. Nilitamani aseme neno, lolote, nipate la kumrushia. Alifika mlangoni akageuka.

"Gari linakuja alasiri," akasema. "Nitapakia polepole."

Akaondoka. Nikabaki na gauni la mtu mapajani na machozi ambayo sikutaka yadondokee kitambaa cheupe. Upande wa pili wa ukuta hakukuwa na nyundo. Nikajiambia ni vizuri, ndivyo ilivyotakiwa iwe, nimejiokoa. Nilikuwa bado najidanganya hivyo wakati kengele ilipolia.

Ililia ndani ya nyumba, mlio uleule mrefu wa bati, na mimi sikuwa nimeitega.

Mikono yangu ilishaitua sindano kabla akili haijafika, miguu ikanisimamisha, kwa maana ndivyo ilivyofunzwa. Nikatokea ukumbini. Rafu ilikuwa tupu. Mlio ulikuwa unatoka chumba cha mwisho, chumba chake, ambako alisahihishia madaftari, ambacho tangu mazishi tulikuwa tukikifagia na kukifunga. Niliusogelea mlango mguu kwa mguu. Nilisikia harufu ya chaki, wazi kabisa, kama amepangusa ubao muda huohuo. Mlio ukakatika.

"Mume wangu?" nikaita.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, na iliponitoka ndipo nilipojua kwamba miaka yote nilikuwa nangoja kuita hivyo. Nikausukuma mlango.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanawe. Kijisaa kilikuwa mapajani, ameshakifunika kwa mikono yote miwili.

"Ni wewe, Mama?"

"Ulidhani nani?"

Nikakaa pale pale sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Huwa naitega ukienda sokoni," akasema. "Leo sikungoja uende."

"Kwa nini, Mama?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama meza ile isiyo na kitu.

"Alipokuwa mdogo hakuwa anatulia. Ukimweka chini ameshasimama. Walimu walimchoka, na mimi walinichoka. Siku moja nikachukua saa yangu ya jikoni, nikamwambia, kaa usome mpaka hii ilie, na ikilia acha kila kitu uje kwangu. Basi akawa anasoma, jicho moja kwenye kitabu, jicho moja kwenye saa. Ikilia tu, huyo! Anakuja mbio ananipiga kichwa hapa." Akagusa tumbo lake. "Siku nyingine karibu aniangushe na sufuria."

"Mimi aliniambia aliisoma kitabuni."

"Kitabuni alisoma mambo ya alfajiri. Kengele ni yangu. Niliibuni kwa ajili ya mtoto mtundu, yeye akakua nayo, akaona imemfaa, akakuletea wewe." Vidole vyake vilikipapasa kijisaa. "Sasa naitega. Ikilia, nangoja."

Hakuna aliyekuwa akija mbio, na sote wawili tulilijua hilo tukiwa tumeketi katika chumba kile.

"Mama," nikasema, "alfajiri, kabla hakujapambazuka, huwa unasikia—"

"Mara mbili," akasema kabla sijamaliza. "Upande wa dirisha."

Nikafunika uso. Miaka yote nilijua nimeanza kurukwa na akili na nikajikaza nisimwambie mtu, kumbe ng'ambo ya ukuta, chumba cha pili, mwanamke mwingine alikuwa macho, anasikiliza kikohozi kilekile, naye amejikaza vilevile. Mama aliniacha nilie. Hakunibembeleza, maana hana mazoea hayo, lakini alisogeza mguu wake ukagusa bega langu, akauacha hapo.

"Nimesikia ulivyomfokea huyo wa makochi," akasema baadaye.

"Nisamehe, Mama. Nilipandisha sauti."

"Mwanangu uliwahi kumfokea hivyo?"

"Hapana. Kamwe."

"Ulimwambia kwamba kengele inakuharibia shanga?"

Nikashtuka. Nikamtazama.

"Mimi nafua mapazia hapa," akasema. "Naona nyuzi unazofumua zimenasa humo. Ulimwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Uso wake ulikuwa unang'aa, Mama."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona pembe ya mdomo wake ikipanda. "Ungemwambia. Yule alipenda kupangua kuliko kupanga. Ungemwambia haikufai, angekushukuru, angekaa hapa mwezi mzima na penseli sikioni akikuuliza mikono yako inaamka saa ngapi. Ungemfurahisha kupita kiasi."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu nilimwona. Nilimwona kabisa na penseli sikioni. Miaka ile yote nilidhani namlindia furaha yake, kumbe nilimnyima iliyo kubwa zaidi.

"Huyu wa nje umemwambia," Mama akasema.

"Huyu nimemfukuza."

"Umemwambia." Akakitua kijisaa mezani, akaikunja mikono. "Sasa na mimi nikwambie, usije ukasikia kwa watu. Sitaki uolewe naye. Si mtu mbaya. Lakini ukiondoka na yule, mimi ni nani? Nililetwa hapa nikiwa mama wa mwenye nyumba, mwenye nyumba akaondoka. Nikabaki mama wa mume wako. Ukipata mume mwingine, hata hicho kinaniponyoka. Nitakuwa kizee tu mwenye saa."

"Utakuwa mama yangu."

"Hilo ni rahisi kusema ukiwa umekaa sakafuni."

"Basi nasimama." Na nikasimama kweli, nikajipangusa machozi kwa ncha ya futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. "Utakuwa mama yangu. Siendi popote bila wewe. Kama yule hana nafasi yako, basi hana nafasi yangu, na gari lake liende."

Nje honi ikalia.

Nilitoka mbio bila viatu. Gari lilikuwa limejaa makochi mpaka juu, miguu ikitazama mbinguni, na kamba zimeshapita kila upande. Chini kilikuwa kimebaki kiti kimoja. Sponji alikuwa amekiinua kifuani, na dereva, mzee mmoja mwenye tumbo, alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Bosi, hicho kiti umekipandisha na kukishusha mpaka mimi ndiye nimechoka. Tunakwenda hatuendi?"

"Kinakaa vibaya," Sponji akasema.

"Kinakaa vibaya wapi? Kiti kimeumbwa kikae!"

"Jirani," nikaita.

Akageuka na kiti chake kifuani, kofia ya kazi kichwani. Macho yalikuwa mekundu. "Fundi. Nilikosea. Nilitaka kuja kukwambia, nikaona umeniambia nitoke, na mimi si mtu wa—"

"Nyamaza. Leo ni zamu yangu kukupangia."

Akanyamaza. Dereva naye akapunguza redio.

"Asubuhi mimi si mtu," nikasema. "Usiniulize kitu, usiniletee habari ya mteja, usinitabasamie. Nikishika shanga, usinigongee mlango hata nyumba ikiungua. Izime mwenyewe. Sili kwa saa, nakula nikimaliza ua. Siku nyingine nitashona mpaka usiku, siku nyingine sitaishika sindano kabisa, na sitaki kuulizwa kulikoni. Na nikiona mipango hii imeanza kunibana, nitaipanua. Ni yangu."

"Ni yako," akasema.

"Na wewe na gundi yako sitakugusa. Endelea na kidole chako."

"Sawa. Na mimi, katika hayo yote, nakaa wapi?"

Swali hilo lilinishika mahali pabaya. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, si kuulizwa. Nilimtazama mwanamume yule mzima, na shati lake safi lililokwisha chafuka, na kiti alichokikumbatia kama mtoto, na nikajua kwamba nimechoka kumpenda kupitia ukutani.

"Siku nitakayoshona jioni, keti karibu," nikasema. "Siku ambayo sitashona, keti karibu zaidi."

Dereva akaguna, "Eheee!" Sponji akakitua kiti chini, barabarani, bila kuangalia anakiweka wapi.

"Kuna Mama," nikaongeza haraka, kabla hajanisogelea.

"Najua kuna Mama. Nyumba ina vyumba vitatu, Fundi. Ulidhani cha tatu nimempangia na—" Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Samahani. Ulidhani nimemwachia nani?"

Sikupata muda wa kujibu, kwa kuwa dereva alikuwa anatazama nyuma yangu. Mama alikuwa ametoka. Mwanamke ambaye havuki lango ila kwa hospitali au msiba alikuwa amesimama kando ya barabara, shali mabegani, amenyooka wima.

"Wewe wa makochi," akaita.

"Naam, Mama."

"Hicho chumba cha tatu kina dirisha?"

"Kina, Mama."

"Linatazama wapi?"

"Macheo, Mama. Jua likitoka tu linaingia."

Mama akafikiri. Nilitaka kumkimbilia, lakini kuna mambo ambayo mtu anapaswa kuachiwa ayaseme mwenyewe.

"Mimi siji peke yangu," akamwambia.

Dereva akageuka kutazama mlango wa nyumba, aone nani mwingine anatoka na mizigo. Mlango ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu. Sponji naye alitazama pale pale, lakini yeye alitazama kwa muda mrefu, na nikaona uso wake ukilainika kama wa mtu aliyemwona anayemjua. Akavua kofia.

"Najua, Mama," akasema. "Naye aje."